Kuangalia Bahari Kutoka Mogogosiek

Watu wa kwetu wakiniuliza ninafanya kazi gani, siku za hasira huwajibu kwamba ninaangalia bahari. Wanacheka. Kutoka Mogogosiek mpaka baharini ni safari ya kutwa nzima na zaidi, na hapa dirishani kwangu hakuna kinachoonekana ila majani chai, mikaratusi ya jirani na mvuke wa kiwanda ukipanda kule juu. Siku za upole huwaambia tu kwamba nafanya kazi ya kompyuta. Hilo linawaridhisha, kwa sababu kazi ya kompyuta kwao ni kama ugonjwa wa tumbo: kila mtu anajua upo, na hakuna anayetaka maelezo.

Lakini ukweli ni ule wa siku za hasira. Kuna setilaiti za rada zinazopita juu ya dunia zikipiga mawimbi ya redio chini na kusikiliza yanavyorudi. Hazijali giza wala mawingu. Bahari iliyotulia huyatupa mawimbi hayo pembeni, kwa hiyo kwenye picha maji hutoka meusi. Chuma huyarudisha, kwa hiyo meli hutoka kama nukta nyeupe. Programu huzitafuta nukta hizo, kisha huzilinganisha na matangazo ya meli zenyewe, maana meli kubwa hubeba chombo kinachosema kila wakati: mimi ni fulani, niko mahali fulani. Nukta ikionekana na tangazo lisisikike, huenda mtu amezima chombo chake, na walinzi wa pwani ya nchi fulani watataka kujua kwa nini. Labda anaiba samaki. Labda chombo kimeharibika tu.

Mimi simkamati mwizi yeyote. Mimi ni mtu wa kupalilia. Picha zinaingia kila siku, nyingine zimekatika katikati, nyingine zimekaa vibaya juu ya ramani hata kisiwa kinaonekana kimehama, nyingine zimepigwa na mvua kubwa iliyopaka maji weupe mpaka programu ikaona kundi zima la meli mahali pasipo na hata mtumbwi. Natoa magugu hayo. Narudisha picha mahali pake, naagiza iliyokatika ishughulikiwe upya, nafuta meli za uongo, ili mtu akija kesho kutafuta jambo la mwaka juzi alikute limekaa sawa. Na kuna vitu vinavyorudisha mawimbi vizuri kuliko meli yoyote lakini si meli: miamba, minara ya kuchimbia mafuta, milingoti ya umeme wa upepo. Hivyo tunavifunika. Kitu kikionekana mahali palepale picha baada ya picha, tunachora kifuniko juu yake, na tangu siku hiyo programu inapita hapo kana kwamba hakuna kitu. Kisichosonga hakihesabiwi.

Hiyo ndiyo kazi iliyonilisha, na hiyo ndiyo kazi iliyonifunga. Nieleze.

Mimi ni toweet, yaani kitinda mimba. Kwetu Wakipsigis, wakubwa huondoka wakajenga kwao, na wa mwisho hubaki na mama. Nyumba ya mama ni yake, ng'ombe wa mama ni wake, na mama mwenyewe ni wake mpaka Mungu amchukue. Ukisikia hivyo unaweza kudhani toweet amebahatika, na ndugu zangu wawili wamekuwa wakiniambia hivyo tangu nikiwa mdogo, hasa wanapoondoka. Mkubwa wetu yuko Nakuru. Anayemfuata yuko Nairobi. Dada yetu, aliye kati yangu na wao, aliolewa upande wa chini wa Sigowet, kule ardhi inakoteremka kuelekea Soin na joto linaanza.

Sheria hii ina mlango mmoja wa kutokea, nao ni kuandikwa kazi. Toweet akiwa mwalimu akapelekwa Garissa, hakuna anayemlaumu. Akiwa polisi akahamishiwa Lodwar, watu husema serikali imemchukua, pole mama, na mambo yanapangwa upya. Nilisoma na vijana wawili wa namna hiyo, na leo hii hawajui bei ya dawa ya kupe. Mimi nilichagua kusoma ramani na setilaiti chuo kikuu nikidhani nachagua kitu cha mbali kuliko vyote. Angani kabisa. Kumbe nilikuwa nachagua kazi pekee inayoingia ndani ya chumba cha nyumba ya mama, ikakaa mezani karibu na dirisha ambapo mtandao unashika, ikaniacha nisiwe na kisingizio hata kimoja.

Baba alipofariki, ndugu zangu hawakuhitaji hata kikao. Mkubwa aliniambia tukiwa bado na udongo kwenye viatu, "Wewe kazi yako iko kwa laptop. Hata hapa si unaweza?" Nilitafuta uongo wa haraka nikaukosa. Niliweza.

Basi siku zangu zilikuwa hivi. Asubuhi nakamua, napeleka maziwa barabarani kwa gari la maziwa, nawakatia ng'ombe majani ya napia, halafu nakaa na bahari ya watu wengine mpaka adhuhuri. Siku ya kuchuma nawasimamia wachumaji, kwa sababu mama goti lake limekataa miteremko. Mchana mvua inakuja, maana huku mvua haina adabu, inakuja kila siku kama mgeni asiyejua ameshakula jana. Stima inapotea. Nakaa nikiitazama skrini iliyozimika, nikifikiria picha zinazojirundika bila mtu, na mama anachungulia mlangoni na kuniambia, "Afadhali sasa utapumzika hiyo kitu."

Mama hakuwahi kuamini kwamba ni kazi. Sikumlaumu. Kazi aliyoijua yeye ina kikapu mgongoni, au ina chaki, au ina ofisi yenye foleni. Mtu mzima mwenye nguvu zake kukaa chumbani akitazama weusi wenye madoa meupe, kwake hilo lilikuwa dalili. Wenzake wa kanisani walimwuliza kama nimepata kitu cha kufanya. Jumapili moja niliinua kichwa katikati ya maombi nikasikia mwenyekiti wa akina mama akiwaombea vijana waliofungiwa ndani na roho ya uoga, na nikaona mama ameng'ang'ania kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Nilikasirika wiki nzima. Nilimjibu kwa mkato, nikafunga mlango wa chumba kwa kishindo, jambo ambalo sasa naona lilimthibitishia kila kitu alichokuwa akiogopa.

Kijiji kilinitania pia. Mzee mmoja tuliyekuwa tukikutana kituo cha kupimia majani aliniita kuku anayeatamia. "Vifaranga vinatoka lini?" alikuwa akiniuliza mbele ya watu, na mimi nilikuwa nikicheka pamoja nao. Kwa kweli nilijiona hivyo. Nilijua mkondo wa maji kati ya visiwa ambavyo sitavikanyaga. Nilijua ni pwani gani upepo huchafua picha na ni ghuba gani hulala kimya. Bahari yenyewe sijawahi kuiona kwa macho, wala ziwa, wala maji yoyote mapana kuliko bwawa la kampuni ya chai. Shule ya msingi tulikaririshwa methali za baharini, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, darasa zima tukiimba, mwalimu mwenyewe akiwa mtu wa Kapsoit ambaye hakuweza kutuambia tezi ni mbele au ni nyuma. Tulifaulu mtihani hivyohivyo.

Ikaja ile nukta.

Ilikuwa kwenye pwani moja ya mbali, nje kidogo ya bandari, na programu ilikuwa imeipendekeza ifunikwe. Ilikuwa na sifa zote za kufunikwa: haina tangazo, na iko palepale msimu baada ya msimu. Ningeifunika bila kufikiri. Lakini siku hiyo nilikuwa nimetoka kumhamisha ndama niliyemfunga kwenye kigingi kando ya njia, na nikiwa bado nimekasirishwa na duara alilokula na kukanyaga mpaka udongo ukatoka, nilizipanga picha za nukta ile moja juu ya nyingine, nikaona umbo lake ni refu na kila picha limeelekea kwingine. Leo kichwa kaskazini, kesho magharibi. Zote kwa pamoja zilifanya duara. Mnara wa mafuta haugeuki. Hiki kilikuwa kimefungwa kamba, na upepo ulikuwa ukikizungusha.

Nilimwandikia msimamizi wangu, mwanamke Mkenya aliyekuwa akiongoza timu yetu kutoka Mombasa, kwamba hii ni meli imetia nanga, tusiifunike. Alinipigia simu baadaye siku hiyo. Alikuwa ameuliza watu wa bandari.

"Uko right, ni meli," akasema. "Mwenyewe aliitoroka. Alifilisika akazima simu."

"Kwa hivyo haina mtu?"

"Iko na mtu. Wengine walienda nyumbani, lakini sheria inasema meli haiwezi kuachwa bila mtu. Lazima mmoja abaki, hadi wapate wa kumbadilisha."

"Na wamepata?"

"Nani atakubali?" akasema.

Nilikaa na jambo hilo. Kila picha mpya ya pwani ile ilipoingia nilianza na ile meli kabla ya kazi nyingine yoyote, nikaangalia imeelekea wapi. Sikuwa na la kumfanyia mtu yule. Nilihakikisha tu kwamba hafunikwi. Nilimwonea huruma kiasi kwamba nilikuwa nikijiuliza anapika nini, na kama kuna mtu anayempigia simu, halafu nageuka nakuta mama ameniwekea uji mezani bila kusema neno na mimi sijamwambia asante.

Labda ile simu ndiyo iliyomfanya msimamizi anikumbuke, sijui. Haukupita muda akaniambia kwamba wanaanzisha ofisi kamili Mombasa. Watu wa timu watakaa pamoja, na wale watakaokwenda watakuwa wakitoka na walinzi wa pwani, kwa boti, kulinganisha nukta na meli zenyewe. Alitaka niwe mmoja wao. Wasiokwenda wangebaki na kazi kama yangu, ya kupalilia.

"Utaona hizo vitu na macho," akasema. "Si umechoka na screen?"

Nilitoka nje nikasimama kati ya mistari ya chai. Nilitaka kwenda kwa namna ambayo sijawahi kutaka kitu kingine. Si pesa, si jiji. Nilitaka kusimama mahali ambapo kitu kikubwa cha chuma kinapita mbele yangu kikienda zake. Nilitaka kuondoka nikiwa na sababu, kama yule wa Garissa na yule wa Lodwar.

Nilimpa jibu kwamba naomba muda wa kuzungumza na watu wa nyumbani. Yeye ni Mkenya, alielewa.

Ndugu zangu walikuja Jumapili moja. Dada naye alipanda kutoka Sigowet. Mkubwa alikuja na mke wake, ambaye ni Mkisii, na kwa ajili yake vikao vyetu huendeshwa kwa Kiswahili, kila mtu akichota Kipsigis anapoishiwa. Tulikula, tukanywa mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, mkubwa akaomba. Halafu akaniambia niseme nilichowaitia.

Nikasema. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, kwa hiyo nilisema vibaya. Nilianza kueleza rada, nikaona macho ya ndugu yangu wa Nairobi yanapotea, nikaruka mpaka mwisho: nimepata kazi Mombasa, ni ya kuandikwa, ya ofisi, na ninaomba kwenda.

"Lakini si ni ile ile kazi?" mkubwa akauliza.

"Ni ile ile, lakini ni huko."

"Sasa kama ni ile ile, si wakuachie uendelee hapa? Dunia nzima watu wanatafuta kufanya kazi from home, wewe unakimbia."

"Sikimbii."

"Sijasema unakimbia vibaya."

"Wangekuwa wamemtransfer ingekuwa different," ndugu wa Nairobi akasema, kwa upole, kama hakimu anayesikitika. "Hii ni wewe unataka."

Hapo ndipo palikuwa pameuma siku zote, naye aliweka kidole palepale. Kutumwa kunaruhusiwa. Kutaka hakuruhusiwi. Shemeji yangu, mke wa mkubwa, akauliza kwa nini tusimwajiri mtu wa kukaa na mama na kuangalia ng'ombe, yeye mwenyewe ana mjomba kule Kisii aliyefanya hivyo na boma lake halijaanguka. Mkubwa akamjibu kwamba kibarua analinda shamba, halindi boma. Boma la baba likikaa na moto wa mtu mwingine, na wana watatu wako hai, watu watasema nini? Shemeji akasema watu watasema wana watatu wana kazi. Dada yangu alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Mkubwa akamgeukia mama. "Mama, wewe unasemaje juu ya toweet?"

Mama alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, shali mabegani, na muda wote huo hakuwa amesema kitu. Alizungumza Kipsigis, taratibu, na dada akawa anamtafsiria shemeji sentensi kwa sentensi, ndiyo maana niliyasikia maneno yake mara mbili.

Alisema yeye pia alikuwa na neno, na alikuwa nalo tangu mwaka ule baada ya mazishi. Daktari wa Litein alimwambia kifua chake hakitapona kwenye baridi hii. Binti yake amemwekea chumba kule chini, chenye sakafu ya saruji, na amekuwa akimwita. Alikuwa anataka kwenda. Alikuwa anataka sana. Lakini angemwachaje toweet wake? Hana mke. Hatoki. Anakaa chumbani na kile kitu, hasemi na mtu, akiulizwa anafunga mlango. Mama wa namna gani anaondoka na kumwacha mtoto katika hali hiyo? Wangesema amemtupa. Kwa hiyo alibaki, akimwangalia, akimwekea uji, akimwombea Mungu amfungue.

"Kumbe ako na kazi," akamalizia, sasa kwa Kiswahili, akimtazama shemeji. "Sikujua. Mimi nilikuwa namchunga."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejihesabu kuwa mlinzi wake. Nilikuwa nimemlaumu moyoni kila asubuhi nikishika chuchu za ng'ombe kwa vidole vilivyokufa ganzi, nikisema ni kwa ajili yake, ni yeye aliyenishika. Na yeye ukutani upande wa pili alikuwa amekaa na kifua chake kibovu, akivumilia baridi kwa ajili yangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza mwenzake. Kwetu mama hamwulizi mtoto wa kiume aliyekomaa kama anaweza kuachwa peke yake, na toweet hamwulizi mama kama anataka kuondoka kwenye nyumba yake mwenyewe. Lingekuwa tusi pande zote mbili.

Nilidhani sasa mambo yamefunguka. Nilikuwa karibu kutabasamu. Mama anataka kwenda, na mimi nataka kwenda, sasa tatizo ni nini?

Mkubwa alilitaja. "Sasa mkienda wote, hapa atabaki nani?"

"Nyinyi wawili hamuwezi kurudi?" shemeji akauliza. Alimwuliza mumewe kabisa, usoni. Ndugu yangu wa Nairobi akaanza kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Mkubwa akasema watoto wako shuleni. Ilikuwa kweli, na tena haikuwa jibu.

"Boma haliwezi kukaa bila mtu," akasema.

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo karibu vilevile kutoka Mombasa, juu ya ile meli.

Mama akawahi. "Basi aende yeye," akasema. "Mimi nimezoea." Akavuta shali, akaikunja mikono juu ya mapaja, na nikamwona akirudi ndani ya uvumilivu wake kama mtu anayerudi kulala kwenye kitanda ambacho bado kina joto. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amefurahi kwa dakika chache tu, wakati akieleza kile chumba chenye sakafu ya saruji. Nilikuwa nimeuona uso wake wakati huo. Ungekuwa umefichwa kwangu ningekwenda. Nasema kweli, ningekuwa nimeshakwenda.

"Mama aende," nikasema.

Dada akaniita jina langu la utotoni. Mama akasema hapana. Nikarudia, kwa sauti ambayo haikuwa nzuri, sauti ya ugomvi, maana kama ningelainika ningelia mbele yao: mama aende, mimi niko hapa, kazi yangu iko kwa laptop, si mmesema? Mkubwa alipumua. Akaniambia nimeongea kama mwanaume, akaninyooshea mkono, nami nikaushika. Nilimchukia kwa kiasi kinachotosha siku nzima. Alikuwa pia na macho yenye machozi, kwa hiyo chuki yenyewe haikupata mahali pazuri pa kukaa.

Hakuna aliyenilazimisha. Hilo ndilo ninalolitafuna mpaka leo. Kama wangenilazimisha ningekuwa na mtu wa kumlaumu, na mtu wa kumlaumu ni nusu ya uhuru.

Mama aliondoka wiki iliyofuata na dada, wakiwa na magodoro, vibuyu vyake viwili vya mursik na jogoo aliyekataa kumwacha. Alinionyesha mahali anapoweka chumvi ya ng'ombe, ambapo nilipajua tangu nikiwa mtoto. Aliniambia nitoke nikae na watu. Halafu akanitemea mate kifuani kidogo, baraka ya zamani ambayo siku hizi anaifanya kwa kuficha kwa sababu ya kanisa, akapanda gari.

Nilimwandikia msimamizi siku hiyohiyo. Nilisema kuna mambo ya kifamilia. Alijibu kwamba amesikitika, na kwamba nitaendelea kupalilia hifadhi ya picha kama kawaida, na kwamba wale wengine watakuwa wakiniletea picha za meli walizozipiga kutoka kwenye boti. Wanazileta kweli. Ni picha nzuri. Nazipanga penye nukta zake.

Sasa nyumba ina sauti ambazo sikuzijua: bati likijinyoosha jua linapotoka, friji, mimi mwenyewe nikikohoa. Yule mzee wa kituo cha majani haniiti tena kuku. Ananiita mwenye boma, kwa heshima, na ningempa ndama aache. Nawasha moto jikoni hata siku ambazo sina haja nao, kwa sababu majirani hutazama moshi.

Mama ananipigia simu akishamaliza chai ya asubuhi. Kifua kimefunguka. Goti linamsumbua kidogo tu. Juzi alinipigia akiwa nje, nikasikia upepo.

"Hapa nyuma ya nyumba, mawingu zikitoka, naona maji," akasema.

"Maji gani?"

"Ziwa. Iko mbali huko chini, lakini naona yote. Ni kubwa. Sikujua maji inaweza kuwa kubwa hivyo."

Nikamwuliza yana rangi gani. Kwangu maji ni meusi, siku zote yamekuwa meusi. Alifikiri.

"Inang'aa," akasema. "Nikiangalia sana macho inauma. Nikakumbuka ile kazi yako, nikasema, kumbe ni hii. Ni wewe ulikuwa unafaa kuona hii kitu, si mimi. Utakuja lini?"

"Nikipata mtu wa kubaki hapa nyumbani, mama."

Upepo ukapita kwenye simu.

"Lakini mtu wa kubaki nyumbani ni wewe," akasema, bila ubaya wowote, kama anayenikumbusha kitu nilichosahau kuchukua.

Nikamwambia ni kweli. Nikamwuliza kama amekunywa dawa.